Wiki mbili Unguja mwezi wa Juni: wapi pa kubana, wapi pa kuachia?

Binti_Elbe aliuliza:

Habari zenu wakuu. Tunaishi Hamburg na tunapanga kushuka Unguja wiki mbili mwezi wa Juni. Mimi nina pasipoti ya Tanzania, mume wangu ni Mjerumani. Hoteli za kulipia kila kitu kwa pamoja hatuzitaki. Naona tiketi za Dar ni nafuu kuliko za Zanzibar moja kwa moja, na vyumba vya Jambiani ni karibu nusu ya bei ya Nungwi. Unafuu huu ni wa kweli au utaliwa huko mbele? Na ni malipo gani hayaonekani mtandaoni?

Bandari_Salama alijibu:

Dada, piga hesabu ya boti kwanza. Dar hadi Unguja kwa boti ya kasi ni saa mbili hivi. Mumeo atalipa bei ya mgeni, dola 35 daraja la kawaida, kwenda na kurudi 70. Wewe ukionyesha pasipoti yako unalipa bei ya mwenyeji kwa shilingi, haifiki nusu ya hiyo. Weka na teksi ya uwanja wa ndege hadi bandarini, mara mbili.

Linalosahaulika ni saa. Boti ya mwisho ya kasi huondoka mnamo saa kumi jioni. Ndege ikitua saa nane mchana, ukatoka uhamiaji, ukasubiri mizigo, kisha ukakutana na foleni ya barabara ya Nyerere, umeshalala Dar. Hapo kuna chumba, chakula cha usiku na teksi nyingine asubuhi. Kwa hiyo kama tofauti ya tiketi kwa nyinyi wawili haifiki dola 150, teremkeni Zanzibar moja kwa moja. Ikizidi hapo na ndege inatua asubuhi, njooni Dar.

Tiketi ya boti nunua dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usinunue kwa vijana wa nje ya geti. Juni upepo wa kusi umeshika na bahari inachafuka. Kiti cha juu cha bei kubwa hakipunguzi kichefuchefu, chombo huyumba zaidi juu kuliko chini. Kaeni chini, nyuma kidogo ya katikati.

Mumeo anahitaji viza ya dola 50. Kuna tovuti nyingi zinazofanana na ya Uhamiaji na zinakata zaidi ya hapo, kwa hiyo angalia anwani iishie na go.tz. Kisha kuna bima ya Zanzibar ya dola 44 kwa kila mgeni mtu mzima, ya lazima tangu 1 Oktoba 2024, na inadumu siku 92. Kuwa na bima ya safari ya Ujerumani hakumwondolei malipo hayo. Nayo ilipiwe kwenye tovuti ya go.tz.

Mkipitia Addis Ababa au Nairobi, msikae hapo zaidi ya saa 12. Mkizidisha mtadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo kliniki za Ulaya si bei ndogo.

Ngalawa_ya_Kusini alijibu:

Nijibu la Jambiani, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa bila kujua. Unafuu ni wa kweli, ila pwani ya mashariki maji hukupwa mbali, hadi karibu na mwamba. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa zote, ndiyo maana bei iko juu. Mtu anafika Jambiani, anaona mchanga mtupu asubuhi, anakodi teksi kila siku kwenda kaskazini kuogelea. Siku nne za namna hiyo na ule unafuu wa chumba umekwisha.

Dawa ni kufuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni maji ya bamvu: bahari hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu: yanajaa mnamo saa nne au tano asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo siku za bamvu asubuhi tembeeni hadi kwenye mashamba ya mwani, kuogelea kuwe jioni. Vaeni yeboyebo, kule kuna miiba.

Mkiwa na wiki mbili, wekeni siku tisa au kumi Jambiani na siku zilizobaki Nungwi. Mtahama mara moja tu.

Safari ya Nakupenda pia ipangeni kwa maji. Ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa, kwa hiyo asubuhi ya bamvu ndiyo siku yake. Na bei ya mashua ulizeni ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, kabla hamjakanyaga ndani. Mkichangia chombo na wageni wengine wanne, gharama inashuka sana.

Binti_Elbe:

Asanteni sana, hili la bamvu sikulijua kabisa. Je, kadi au taslimu? Na daladala zinabeba mabegi?

Darajani_Sokoni alijibu:

Zinabeba, juu ya keria. Jambiani ni namba 309, Nungwi ni 116, uwanja wa ndege hadi mjini ni 505. Nauli za shamba, yaani nje ya mji, ni shilingi elfu mbili tatu, wakati teksi kwenda huko huko inadai makumi ya dola. Nungwi ni kama saa mbili kwa sababu gari husimama kila kijiji. Baada ya magharibi usitegemee gari, na ukitua usiku lipia teksi tu, hapo si pa kubana.

Pesa: beba noti mpya za dola au yuro, badilisha kwenye duka la fedha mjini, si uwanjani. Noti za dola za kabla ya 2009 na zilizochanika hukataliwa. ATM huwa inakata ada kila unapotoa, basi toa nyingi kwa mara moja, na mashine ikiuliza kama ikugeuzie kiasi kuwa yuro, kataa. Ukikubali, kiwango ni chao. Kadi hotelini mara nyingi huongezewa asilimia, uliza kwanza.

Halafu tozo ya miundombinu. Hoteli nyingi huidai pembeni ya bei ya mtandaoni, dola 5 kwa mgeni kwa usiku. Usiku 14 ni dola 70 za mumeo. Wewe hakikisha umeandikwa Mtanzania kwenye fomu ya mapokezi tangu siku ya kwanza, maana risiti ikishatoka kuibadilisha ni kazi. Msitu wa Jozani nao una bei mbili, ingia na pasipoti yako mkononi.

Chakula cha mchana kuleni kwa mama lishe kijijini, wali kwa samaki au maharage. Forodhani, ile bustani ya vyakula mjini, ni pazuri jioni, lakini mishkaki ya pweza na kamba huuliziwa bei kabla haijawekwa motoni. Urojo ndio wa bei nafuu kuliko vyote pale, na unashibisha.