Mtoto ana miaka 6, mwembamba kama fimbo, na kolesteroli ni 7.6. Nifanye nini jameni?

MamaImani_Umoja

Habari zenu wazazi wenzangu. Msinicheke lakini juzi nimelia kwa matatu mpaka konda akaniuliza kama nimeibiwa simu. Kijana wangu ana miaka 6, ako Gredi ya Kwanza, mwembamba hadi suruali ya shule tunashikilia na pini, na hatulii, jioni ni mpira huko chini kwa paking mpaka nimwite mara tano. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki na kikohozi cha kawaida tu, daktari akawa anauliza maswali ya familia, nani ana sukari nani ana presha, nikamwambia ndugu mkubwa wa mume wangu alianguka akafa na moyo akiwa na miaka 39, akanyamaza kidogo halafu akaandika apimwe mafuta kwa damu.

Majibu yalitoka Jumatatu. Kolesteroli yote 7.6, LDL (wanaiita ile kolesteroli mbaya) 5.9, na kamshale kanaangalia juu kwa kalamu nyekundu. Foleni ilikuwa imefika kwa ngazi kwa hivyo niliambiwa tu "iko juu sana, punguza mafuta, rudi baada ya mwezi", basi, nje.

Sasa nimekaa na karatasi. Kwani mtoto hana hata mashavu, hayo mafuta anatoa wapi? Shosho yao tunaishi naye na ashaamua ni mimi, ati namlisha chipsi na smokie. Ukweli ni kwamba chipsi ni Jumamosi tu, na smokie ni pale kwa geti ya shule akiwa na pesa, siwezi kataa. Nimeshaondoa mayai, maziwa, nyama, njugu, avokado, kila kitu chenye mafuta, na jana amelala akiniambia mum niko na njaa. Napunguza mpaka wapi? Na kitunguu saumu na ndimu asubuhi inasaidia ama nitamchoma tumbo bure?

Kamaa_wa_Dono

Pole mama lakini usitishwe bana. Kolesteroli ni ugonjwa wa wazee wa nyama choma, mtoto wa miaka 6 ataitoa wapi? Hapo walichanganya damu za watu. Mimi niliambiwa niko na taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja na sikuwa nayo hata siku moja. Mpe kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi, hiyo ni ya asili, inaosha mishipa.

NesiWaZamu

Kamaa, kwa taifodi nakuunga mkono, kwa nazi hapana. Mafuta ya nazi yamejaa yale mafuta mazito yanayopandisha LDL, kwa wingi wa hayo yamepita hata siagi. Usimpe mtoto kama dawa.

Mama Imani, mimi ni nesi wa watoto si daktari, kwa hivyo haya uyabebe ukayaulize vizuri ukirudi. Kwa mtoto LDL tunataka iwe chini ya 2.8, ikifika 3.4 tunasema iko juu. Yako ni 5.9. Hiyo mtoto mwembamba hafikishi kwa smokie ya geti, hata akila kila siku. Na umetaja jambo moja hapo katikati ukalipita mbio, shemeji yako kufa na moyo akiwa 39. Hilo ndilo lilimfanya daktari aandike hiyo test, na ndilo ningeanza nalo.

Iko hivi, kolesteroli nyingi ya mwili haitoki kwa sahani, inatengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwemo. LDL inatembea nayo kwa damu, halafu ini lina kama vimilango vya kuivuta irudi ndani. Kuna watu wamezaliwa na vimilango pungufu, kwa hivyo LDL inabaki ikizunguka tu tangu siku ya kuzaliwa. Wala si habari za jana, Wamarekani wawili, Brown na Goldstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuvumbua mambo ya hivyo vimilango. Ni ya kurithi, na mzazi mmoja anatosha, kila mtoto wake ni kama kurusha shilingi. Inakadiriwa ni mtu 1 kwa kila 250, yaani hesabu matatu 18 za abiria 14 zimejaa, kuna mmoja humo ndani anayo na wengi hawajui ju haiumi, haiwashi, haikondeshi.

Sijasema mtoto wako anayo. Nasema uulizie. Kwanza arudie kupimwa akiwa amepona kabisa, asubuhi bila kula (maji sawa), ju kipimo kimoja hakitoshi. Pili waangalie vitu vingine vinavyopandisha, tezi ya shingoni ile thairoidi, figo kwa mkojo, ini, sukari. Tatu, na hii nakuomba, BABA APIMWE. Na wewe. Na kama kuna mtoto mwingine naye pia. Halafu mwangalie mume wako nyuma ya miguu, ule mshipa mgumu juu ya kisigino, kama ni mnene kama una vinundu, ju kwa hii ya kurithi kolesteroli inaweza kujilundika hapo. Mwangalie tu usimwambie kwanza.

Saumu na ndimu, weka saumu kwa maharagwe.

MamaWawili_Rongai

Nimesoma nikaona ni kama ni mimi niliandika. Msichana wangu tuligundua akiwa 5, sasa ana 10, na ameanza dawa mwaka jana, statini kadogo jioni, ile ya kushusha kolesteroli. Nilikataa hiyo dawa karibu nitoke kwa ofisi ya daktari, nikauliza dawa ya wazee kwa mtoto? Akanielezea kwamba kwa watoto wenye hii ya kurithi wanaanza kuifikiria kati ya miaka 8 na 10, mapema zaidi ni kama hali ni mbaya sana, na wanapima ini kabla na baada. Mpaka leo hajalalamika hata kuumwa na misuli. Kwa hivyo wako wa 6 pengine bado mko kwa chakula na kufuatilia, lakini hiyo ataamua daktari wa watoto, si sisi.

Sasa chakula. Mama rudisha avokado leo leo! Na njugu. Hayo ni mafuta mazuri na mtoto anakua anayahitaji. Yai pia si adui vile watu wanasema, wangu anakula mawili matatu kwa wiki ya kuchemsha. Tulichopunguza ni mafuta ya kuganda, majarini, ngozi ya kuku, matumbo, soseji na hizo smokie, na mandazi za kununua.

Ya mafuta ya kupikia nikwambie kitu sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nimetoka kwa ile ya kuganda nikaenda kwa ile ya maji ya kupima pale dukani nikajipiga kifua. Julai ikafika na ile baridi yetu, asubuhi moja naangalia chupa, nusu ya chini imekuwa nyeupe kama uji. Ni mawese tu yamevaa nguo ingine. Siku hizi nanunua ya alizeti, chupa ndogo, ni ghali lakini napima na kijiko cha chai, zamani nilikuwa namwaga tu. Chapati bado tunapika ila ni Jumapili na nazipaka na brashi.

Maziwa nachukua ya ATM, ile mashine ya kuuza maziwa, nachemsha, nalaza kwa friji, asubuhi naondoa ile malai yote juu imeshikana kama karatasi. Mtoto akiwa chini ya miaka 2 usifanye hivyo lakini wa 6 ni sawa. Halafu ndengu, maharagwe, githeri, ugali wa unga wa kusiaga, sukuma isiogelee kwa mafuta. Omena pia, kaanga kidogo na nyanya mingi.

Ile kitu ilinishinda si chakula, ni watu. Kuna bathdei tulienda Syokimau, shangazi yake mmoja akapaza sauti mbele ya watoto wote "huyo msimpe keki ako na ugonjwa wa moyo". Mtoto akanyamaza mpaka nyumbani, usiku akaniuliza kama atakufa. Tangu hiyo siku hakuna sufuria yake peke yake, sisi wote tunakula kitu moja, na kwa bathdei anakula keki.

Kamaa_wa_Dono

Sawa nimenyamaza. Lakini hiyo ya Julai ni ukweli, nimetoka kuangalia yangu saa hii. Imeganda.

MamaImani_Umoja

Nesi. Nimengoja alale. Nimemulika na tochi ya simu. Juu ya kisigino pande zote mbili ni nene kama kidole gumba, na iko na uvimbe mgumu hausongi. Nimeishi na huyu mtu miaka tisa nikijua ni viatu! Asubuhi nimemuuliza akasema iko tangu sekondari, ni majeraha ya mpira.

NesiWaZamu

Apimwe wiki hii, asingoje mwezi wa mtoto. Na amwambie daktari habari ya kaka yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kama anavuta sigara ndio hapo pa kuachia.

MamaImani_Umoja (wiki tano baadaye)

Nimerudi kuwapa majibu ju mlinibeba. Kijana amerudia, LDL 5.6, thairoidi na figo ziko sawa. Baba yake kolesteroli yote ni 9.1, ameanzishwa statini siku hiyo hiyo na amepewa barua ya kwenda kwa daktari wa moyo. Mimi niko sawa. Kadogo ka miaka 3 kako na LDL 2.4, kwake shilingi ilianguka upande mzuri. Kijana tumepelekwa kwa daktari wa watoto anayejua hii maneno, dawa bado, tutapima tena, tunaendelea na chakula. Avokado imerudi. Smokie tumekubaliana moja kwa mwezi na anahesabu siku kwa kalenda.

Lakini nilitaka kuwaambia ya shosho. Mume wangu alimkalisha jana jioni akamwelezea yote, vimilango, kurithi, kaka yake, visigino. Shosho akawa anasikiza akichambua mchele, hata hakuinua kichwa. Mnajua mzee wake alianguka shambani akafa 1991 akiwa na 44, na hiyo boma mpaka leo haisalimiani na jirani wa upande wa mtoni, ju ilisemekana ndiye alimroga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Watoto wetu hawaruhusiwi hata kupitia huko tukienda ushago.

Akamaliza sinia nzima. Ndio akauliza, "Mzee alikuwa na miguu kama hiyo. Kwa hivyo si yule mtu wa mtoni?"

Mume wangu akakosa la kusema. Leo asubuhi shosho ameamka ameuliza nauli ya ushago ni ngapi siku hizi.