Mtoto akikuvunja mbavu wakati unamkanya, mnafanyaje msicheke?

TichaMgeni:
Habari za jioni wadau. Mwenzenu nimehamishiwa darasa la awali mwezi huu, zamani nilikuwa nafundisha la tano, na naona kama nimepelekwa nchi nyingine kabisa. Muongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25, mimi ninao 58, ila hilo tuliache, shida yangu mimi ni kicheko. Jana saa nne wakati wa uji mmoja kamzaba mwenzie kibao, aliyepigwa analia uji na kamasi vinachuruzika pamoja, nikajikaza nikavaa ile sura ya mwalimu nikamuuliza kwa nini umempiga mwenzio? Akaniangalia kwa huruma kama vile mimi ndo sielewi.
"Sijampiga madam. Mkono ulikuwa unapita, yeye ndo kaleta shavu."
Jamani nilicheka mpaka nikashika ukuta, darasa zima likacheka, hadi aliyepigwa. Sasa leo asubuhi nakuta kama kumi hivi wanatembea wamenyoosha mikono "unapitaaa, unapitaaa" na mashavu yanapatikana. Nimekwisha. Nyie wazoefu mnajizuiaje?

BiChaki:
😂😂 pole na hongera mwanangu. Dawa ni ubao. Ukiona kinakuja geuka uandike chochote, mimi nina miaka 19 kwenye hii kazi na kuna siku niliandika tarehe mara nne. Nilikuwa chekechea moja ya kulipia, kuna katoto mama yake alikuwa anadaiwa ada, nikakauliza mama kasemaje kuhusu ada? Kakajibu kwa sauti safi kabisa "Kasema nikwambie italetwa Ijumaa, halafu Ijumaa nisije shule." Kalifikisha ujumbe wote, hakakubakisha hata neno. Nikageuka ubaoni. Ila angalia mabega, mabega ndo yanamtoa mtu siri, usione mgongo umewageuzia ukadhani hawaoni.

Mtu wa Unguja:
Mie nipo skuli ya maandalizi huku. Ninavyoona watu wazima tunasema nao kwa mafumbo na wao maneno wanayachukua kama yalivyo. Alikuwepo mmoja mtundu, siku hiyo kanikasirisha kwelikweli, nikamwambia "Hebu shika adabu yako!" Kanyamaza. Kajipapasa mifukoni, kafungua mkoba kachungulia, kainua na jamvi. "Mwalimu, leo sikuja nayo."
Hasira zote zilinipotea hapo hapo. Na kwenye kusoma ndo usiseme, nimechora kuku nikaandika silabi chini, ku, haya ya pili, ku, haya unganisha sasa tupate nini? "JOGOO!" Nikamwambia soma ulichosoma, akanijibu mwalimu si unakiona kilemba? Ikabidi nikifute kilemba, maana yeye ndo alikuwa mkweli.

Mwalimu wa PP1:
Nimesoma hii nikiwa kwa matatu watu wananiangalia tu. Mimi sijizuiagi, nacheka nao alafu tunaendelea, lakini hiyo ya mkono kupita ungemaliza siku hiyo hiyo kwa kumfanya aombe msamaha, sasa umeshachelewa hao ni kumi 😅
Yangu ilikuwa ya kuchora familia. Huku Kitale mtoto mmoja alichora ng'ombe amejaa ukurasa wote, mama ako kando kidogo, na kule juu kwa kona kuna kitu kama sisimizi. Nikauliza huyu mdudu ni nani? "Ni daddy." Mbona mdogo hivyo? "Si ako Qatar? Ako mbali." Na ng'ombe? "Huyo amefungwa hapo kwa dirisha." Nikampea nyota tatu, nani amemfundisha hiyo hesabu sijui.

Mama wa kandambili:
Samahani mimi sio mwalimu, mzazi tu, ila naona mnadhani siri zinatoka nyumbani kuja shule, hamjui kama zinarudi pia. Binti yangu jioni anapanga kandambili zote za nyumba hii sebuleni, kila moja ina jina, ile ya baba yake iliyokatika mkanda ndo msumbufu kila siku iko kwenye kona imepewa adhabu. Juzi akiwa katikati ya a e i o u akasimama, akachukua rimoti akaiweka sikioni, mkono kiunoni, "Eeh shoga, sema haraka niko na haya matoto... sasa na yeye akakujibuje?... weeee!... na hela hajarudisha?" Halafu akazigeukia kandambili kwa ukali, "NANI ANACHEKA HUKO NYUMA?"
Mimi na baba yake tulijificha jikoni. Kwa hiyo walimu, hizo stori zenu za kwenye simu huku tunazo zote, huyo wa hela tunasubiri tu kujua kama alirudisha.

TichaMgeni:
Mama wa kandambili naomba kuuliza, uko mkoa gani? Nauliza tu.

Mama wa kandambili:
Dodoma

TichaMgeni:
Wilaya?

BiChaki:
Mwanangu, geuka ubaoni.