Nilijifungua kwanza kwa upasuaji: je, naweza kuzaa kwa njia ya kawaida?

Mjamzito wa Likoni

Assalamu alaykum dada zangu, pamoja na wakunga mliomo humu. Nina mimba ya wiki 31 na naishi Likoni, Mombasa. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye sasa ametimiza miaka mitatu, alizaliwa kwa upasuaji kwa sababu alikuwa ametanguliza makalio. Kliniki muuguzi mmoja ameniambia kuwa naweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwenzake akasema nisithubutu. Mama mkwe wangu naye anashikilia kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa kila mara. Kovu langu la nje limelala, liko chini ya kitovu. Naomba mnieleze ni nani anayefaa kujaribu, hatari yenyewe ni ipi, na iwapo kuishi ng'ambo ya feri kunabadilisha jambo lolote.

Mkunga mstaafu, Majengo

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kovu la nje lisikupumbaze, kwa kuwa ngozi inaweza kukatwa kwa kulala ilhali mji wa mimba umekatwa kwa kusimama. Nenda hospitali uliyojifungulia, uombe maandishi ya upasuaji wako, maana humo ndimo mlimoandikwa jinsi mji wa mimba ulivyokatwa. Ikiwa mkato ulilala sehemu ya chini, katika kila wanawake 200 wanaojaribu kuzaa kawaida, kwa makadirio ni mmoja ambaye kovu lake hupasuka. Ikiwa ulisimama hadi sehemu ya juu, hatari huwa kubwa mara nyingi zaidi, na hapo mimi mwenyewe ningekukataza.

Kauli ya mama mkwe usiidharau, kwani ina asili yake. Daktari Mmarekani Edwin Cragin aliiandika mwaka 1916, wakati ambapo mji wa mimba ulikuwa ukikatwa kwa kusimama na kovu lake lilikuwa dhaifu. Mkato wa chini ulipoenea baadaye, hali ilibadilika, na leo kati ya wanawake 60 na 80 katika kila 100 wanaojaribu hufanikiwa. Wewe una mambo mawili ya kukupa moyo: sababu ya upasuaji wa kwanza ilikuwa mkao wa mtoto, jambo ambalo si lazima lijirudie, na tangu hapo imepita miaka mitatu, ilhali wanaozaa tena kabla ya miezi 18 kupita ndio ambao kovu lao huwa katika hatari zaidi.

Lakini usijaribu nyumbani, wala katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kovu likiachia, mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache tu na mama huvuja damu ndani kwa ndani, kwa hivyo daktari wa upasuaji, mtaalamu wa ganzi na damu ya akiba viwe papo hapo, usiku na mchana. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mpigo wa moyo wa mtoto kubadilika, na ndiyo sababu unapaswa kufuatiliwa muda wote wa uchungu. Dalili nyingine ni maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu kutoka, au uchungu kukatika ghafla. Na ninakusihi kama mama: usinywe dawa yoyote ya miti ya kuharakisha uchungu, na usikubali kupewa misoprostoli kuanzishia uchungu, kwa sababu mji wa mimba wenye kovu hauhimili nguvu hiyo.

Mama wa Kisauni

Mimi nilifanikiwa, alhamdulillahi. Wiki ya 40 ilipopita bila uchungu nilimsihi daktari auanzishe, akakataa kwanza, akanieleza kuwa oksitosini, dawa ya kuanzisha uchungu, huongeza uwezekano wa kovu kupasuka na kwamba afadhali tungoje siku chache. Uchungu ulikuja wenyewe baada ya siku nne. Siku ya tatu baada ya kujifungua nilikuwa nikimbeba mtoto bila kushika tumbo, jambo ambalo mara ya kwanza lilinichukua wiki kadhaa.

Mama wa Changamwe

Nami nilijaribu, lakini njia ilisimama kwenye sentimita 6 kwa saa nyingi, nikapasuliwa mara ya pili. Nalisema hili kwa sababu upasuaji wa dharura katikati ya uchungu ni mzito kuliko ule uliopangwa, na mtu anapaswa kuujua kabla ya kuamua. Anayechagua kupangiwa upasuaji, ambao kwa kawaida hufanywa wiki ya 39, hajashindwa na mtu asimsimange. Ila kaa na mumeo mzungumze mnataka watoto wangapi, maana kila upasuaji unaoongezeka huzidisha uwezekano wa kondo la nyuma kushika juu ya kovu katika mimba zinazofuata na kukataa kubanduka, na damu inayotoka hapo ni ya kutisha.

Mjamzito wa Likoni

Nawashukuru sana. Maandishi nimeyapata: mkato ulilala, sehemu ya chini. Picha ya juzi imeonyesha mtoto ametanguliza kichwa, na kondo liko juu, mbali na kovu. Daktari amekubali nijaribu na ameandika hivyo katika kitabu changu cha kliniki.

Mkunga mstaafu, Majengo

Limebaki suala la feri, mwanangu. Uchungu ukikushika usiku huku foleni imesimama, barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia feri, ni mzunguko mrefu kwa mwenye kovu. Una jamaa upande wa kisiwani?

Mjamzito wa Likoni

Ninaye shangazi Tononoka. Nitahamia kwake wiki ya 37 ikianza, na mume wangu ameshazungumza na jirani mwenye gari la kunipeleka hospitali saa yoyote.

Mkunga mstaafu, Majengo

Vyema. Kitabu na maandishi ya upasuaji viweke pamoja katika mkoba wa kujifungulia, na chupa ikipasuka usingoje uchungu uzidi. Nenda papo hapo.