Lastiki, nailoni, waya au hariri: kazi ya oda mnatungia nini?

Mtungaji
Wakuu, salaam. Muda mrefu nimekuwa nikiwatungia marafiki bangili na vidani, na sasa watu wameanza kuleta oda za kulipia. Mezani nina kazi tatu: bangili za shanga za kioo za kundi la marafiki, kidani cha mawe mazito, na kidani cha lulu cha bibi harusi. Sitaki mtu aliyetoa hela yake aje kuokota shanga sakafuni. Naombeni mnilinganishie: kipi kinafaa wapi, na kwa nini?

Koleo Mkononi
Angalia kwanza uzito wa unachotunga na ukubwa wa tundu. Lastiki ni ya bangili tu. Haihitaji kifungio, mtu anavaa na kuvua mwenyewe kwa mkono mmoja, na ndiyo maana marafiki wanaipenda. Ila inachoka, hasa kwa jasho na kuvutwa kila siku, kwa hiyo mweleze mteja tangu mwanzo kwamba iko siku itahitaji kutungwa upya. Ivute mara kadhaa kabla ya kutunga, la sivyo italegea baadaye na uzi utaonekana katikati ya shanga. Funga fundo ambalo mzunguko wake wa kwanza unapitishwa mara mbili, tia tone la gundi, kisha livutie ndani ya shanga yenye tundu kubwa.

Kwenye mawe usiiguse.

Bi Ushanga
Naungana na Koleo. Kwa mawe mazito, mimi ni waya wa kutungia na sina mjadala: ule wenye nyuzi nyembamba za stenlesi zilizosokotwa pamoja na kufunikwa nailoni. Upo wa nyuzi 7, 19 na 49. Nyuzi zikiwa nyingi, waya unakuwa laini na kidani kinalala vizuri shingoni. Ule wa 7 ni wa bei nafuu lakini ni mgumu, na ukikunjika mara moja alama haitoki. Mdau atakayekushauri utumie mshipi wa kuvulia samaki, mshukuru, halafu uachane nao. Unavutika, na kingo za tundu la jewe hukwangua uzi wa plastiki taratibu mpaka ukatike.

Kinachoangusha vidani vingi ni pale kwenye kifungio. Pitisha waya kwenye kishanga cha kubania (kile kidogo cha metali kinachobanwa ili kishike waya), uuzungushe kwenye pete ya kifungio, urudishe ncha ndani ya kishanga hichohicho. Kabla ya kubana, tazama kwa makini: waya mbili zilale sambamba, zisipandane. Zikipandana, moja inaikata nyingine. Koleo la kubania lina vijishimo viwili. Cha ndani, upande wa mshikio, kinatia mfereji katikati ya kishanga ili kila waya ukae upande wake. Cha mbele kinakikunja kiwe duara. Ukimaliza, vuta kwa nguvu zako zote. Bora kiachie mikononi mwako kuliko shingoni mwa mteja. Na uache ulegevu wa milimita 2 hivi, maana kidani kilichokazwa mno husimama kama ubao.

Shanga Ndogondogo
Uzi wa nailoni uliosokotwa nao msiusahau. Ni mzuri kwa shanga nyepesi za plastiki, mbao au mbegu, na unakuja wa rangi nyingi. Kioo chenye tundu lisilo laini kitaukata.

Mkufu Mrefu
Kwa nini asitumie waya uleule hata kwenye lulu? Apunguze idadi ya vifaa.

Fundi wa Lulu
Mkuu, waya utashika, sikatai, lakini lulu zitasuguana. Lulu ni laini, na tabaka lake la juu likishakwanguka halirudi. Hariri unaifunga fundo kati ya lulu na lulu, kwa hiyo hazigusani, na uzi ukikatika inadondoka moja tu badala ya zote kutawanyika ukumbini. Tena tundu la lulu mara nyingi halifiki hata milimita 1, na hariri inapita vizuri. Hasara yake ni kwamba inanyonya jasho na kuvutika, hivyo hutungwa upya kila baada ya muda. Hiyo kazi ya kutunga upya iandike kabisa kwenye makubaliano yenu.

Mwambie bibi harusi ajipulize manukato kwanza, yakauke, ndipo avae. Vitu vyenye asidi hula lulu.

Bi Ushanga
Kwenye lulu nakubaliana na Fundi. Mtungaji, muulize kila mteja pia kama ngozi yake inakataa nikeli, maana aliyepata mzio huo kwa kawaida anaishi nao maisha yote. Vifungio vya shaba iliyochovywa dhahabu, mchovyo hulika na metali ya chini ikagusa ngozi. Fedha ya 925 (yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi) ni salama kwa wengi ingawa hubadilika kuwa nyeusi, na kwa hereni za mtu mwenye mzio mkali, titani. Na kilichochovywa kiite kilichochovywa, usikiuze kwa jina la dhahabu.

Mtungaji
Nawashukuru sana. Lastiki kwa bangili, waya wa 49 kwa mawe, hariri kwa lulu. Limebaki moja: kuna rafiki ananiambia nipime kifundo cha mkono na kuongeza sentimita 2, lakini bangili za shanga kubwa zinabana.

Koleo Mkononi
Kwa sababu shanga nene hula nafasi ya ndani. Zidisha kipenyo cha shanga kwa 3.14, ujumlishe kwenye kipimo cha mkono. Mkono wa sentimita 16 na shanga za milimita 4: unaongeza 1.3, kwa hiyo zile 2 zinatosha na ulegevu unabaki. Shanga za milimita 10 zinataka 3.1 kabla hata hujafikiria ulegevu. Tunga sentimita 19.5, itamkaa.