Naomba ushauri: namwogopa Mungu anayeona yote kuliko ninavyompenda

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naamini Mungu yuko kila mahali. Zaburi 139 inasema hakuna neno ulimini asilolijua. Shida yangu: usiku nikiwa peke yangu na simu, kinachonizuia kufungua yasiyofaa ni hofu ya kuonwa tu, kama mwanafunzi anayechungulia mwalimu yuko wapi. Sidhani huo ndio utakatifu. Hajiri wa Mwanzo 16, mjakazi aliyemkimbia bibi yake Sarai, alipojua Mungu anamwona kule jangwani, alipata nguvu ya kurudi. Mimi natetemeka, na siku nyingine hata kuomba nakwepa (kana kwamba nikinyamaza hatajua!). Mliovuka hapa, mlianzia wapi? Mnaomba vipi? Na je, nimweleze mchungaji, au nianze na mwenzangu wa ndoa?