Msumeno wa duara: wa betri au wa waya kwa kazi za nyumbani? Nanunua Jumamosi

Mwalimu wa Mbao
Wakuu habari za jioni. Jumamosi hii nashuka Kariakoo kununua msumeno wa duara. Nimedunduliza tangu mwezi wa tatu na sasa nina laki nne na nusu. Nilishaamua kuchukua wa waya, lakini jirani kanionyesha wake wa betri na moyo ukageuka. Waliotumia vyote viwili, upi unamfaa mtu anayefanya kazi za mbao nyumbani, siyo fundi wa karakana? Nimeangalia Makita, DeWalt, Ingco na Total. Nisaidieni.

Mzee wa Randa
Mwanangu, hujatuambia unakata nini. Plaiwudi au mbao? Paini au mbao ngumu? Unene gani? Unakatia wapi, umeme upo? Una mashine nyingine ya betri hapo ndani? Jibu haya kwanza, la sivyo kila mtu atakutajia ile anayoipenda yeye.

Ngosha80
Chukua Makita ya volti 18, habari imeisha. Mimi ninayo DHS680, diski ya milimita 165, mizunguko 5,000 kwa dakika, mota yake haina brashi za kaboni. Mwaka wa nne huu, sijabadilisha kitu zaidi ya diski. Nimeezekea nayo nyumba mbili, yangu na ya shemeji, juu ya paa bila waya wa kunikwaza miguuni. Ukishafanya kazi juu ya kenchi na mashine ya betri, hutataka tena kusikia habari za waya.

Dada Seremala
Kaka Ngosha, kwa laki nne na nusu atapata mashine tupu. Betri mbili na chaja atazitoa wapi? Na mashine tupu haikati kitu.

Mwalimu, mimi natengeneza vitanda na makabati Arusha, kazi ndogondogo za wateja wa mtaani. Natumia Ingco ya betri. Ninachokuomba uelewe ni kwamba unachonunua hasa ni betri. Ukishakuwa na betri mbili na chaja za kampuni fulani, drili, grainda na jigsoo zitakazofuata utazinunua tupu kwa bei nafuu. Ukikosea hapo mwanzo utakuwa na chaja tatu ukutani na hakuna betri inayoingiliana na nyingine.

Jua Kali Nakuru
Mimi nasema waya. Kwa pesa hiyo unapata msumeno wa waya wa milimita 185 wenye wati 1,200 na zaidi, na chenji inabaki ya kununua diski mbili nzuri. Nyumbani soketi ipo. Betri inazeeka hata ukiiweka tu kabatini, waya hauzeeki. Ila usitumie ekstensheni nyembamba. Tafuta waya wa milimita mraba 2.5, na kama umezungushwa kwenye roli, ukunjue wote kabla ya kuanza. Ukiuacha umejiviringisha unapata joto hadi plastiki inayeyuka, na mashine inakosa nguvu halafu lawama zinaiendea mashine.

Kijana wa Volti
Naomba kuuliza, Makita inaandika volti 18 na DeWalt, Ingco na Total wanaandika 20. Si ina maana hizo zina nguvu zaidi?

Fundi Saketi
Hapana mdogo wangu. Fungua betri yoyote kati ya hizo, utakuta seli zimeungwa tano kwa mfuatano. Kila seli ni volti 3.6 kwa kawaida, jumla 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa, kila moja inagusa 4 na ushei, jumla 20 na kitu. Mmoja kaandika ya kawaida, mwingine kaandika ya juu kabisa. Angalia Ah, yaani ampea-saa, ujazo wa betri. Zidisha Ah kwa volti: betri ya 2Ah ni wati-saa 36, ya 5Ah ni 90. Msumeno wa duara ni mlaji kuliko drili. Betri ya 2Ah kwenye drili unafunga skrubu mchana kutwa, ukiipachika kwenye msumeno unaanza kuitafuta chaja mapema. Usinunue msumeno na betri ya chini ya 4Ah.

Baba Neema
Hakuna aliyetaja grainda, nami nimeingia kwa sababu hiyo tu. Mwalimu ukifika dukani na pesa yako, kuna mtu atakwambia huna haja ya msumeno, nunua grainda, funga diski ya mbao yenye meno, inakata kila kitu na pesa inabaki. Usimsikilize.

Mwaka juzi, hapa Mwanza, nilikuwa natengeneza banda la kuku. Nina grainda ya inchi 4 na nusu, nikafunga diski ya meno niliyouziwa na muuzaji aliyeniapia kwamba mafundi wote wanatumia. Kava nililitoa, maana diski ilikuwa kubwa kidogo haikuingia nalo. Hapo tu ningetakiwa kuacha. Nikakata vipande kama kumi vya mbili kwa mbili, vizuri kabisa, nikaona nimepata. Cha kumi na moja au kumi na mbili kilikuwa na fundo katikati. Nilikuwa nimekikanyaga kwa mguu wa kushoto, mbao inaning'inia upande mmoja. Diski ilipofika kwenye fundo mbao ikajipinda, ikabana meno, na ile mashine ikaruka kutoka mikononi mwangu kama imesukumwa. Ilinipata juu ya goti. Sikusikia maumivu mwanzoni, niliona suruali imefunguka na kitu cheupe ndani.

Ambacho hakuna aliyeniambia: grainda ya inchi 4 na nusu inazunguka mara 11,000 kwa dakika au zaidi. Msumeno wa duara unazunguka kama mara 5,000, una kava la chini linalojirudisha lenyewe, una kitako kipana kinacholala juu ya mbao, na ukiachia kitufe unazima. Grainda yangu ilikuwa na swichi ya kusukuma, ilibaki inazunguka sakafuni huku mke wangu akikimbilia kuchomoa waya. Nilishonwa nyuzi kumi na tisa. Miezi miwili sikupanda ngazi. Binti yangu Neema ndiye aliyekuwa ananishikia mbao, alikuwa na miaka tisa, na alikuwa amesimama upande wa pili. Mashine ingeruka upande ule nisingekuwa naandika haya.

Nunua msumeno wowote mliokwisha kuutaja hapa, wa betri au wa waya. Grainda ibaki ya chuma na vigae.

Dada Seremala
Pole sana Baba Neema. Hapa karakana jirani wapo vijana watatu wanafanya hivyo hivyo kila siku. Kesho nitawasomea.

Ngosha80
Pole kaka. Lakini hata msumeno wa duara unaruka mbao ikibana. Usikate mbao ikiwa imeshikiliwa ncha mbili halafu katikati inalegea, maana njia ya diski inafunga. Kile kipande kinachodondoka kiwe huru. Na diski itokeze chini ya mbao kiasi cha urefu wa jino tu, siyo kuishusha yote.

Mwalimu wa Mbao
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye kikao cha wazazi. Pole sana Baba Neema, kwa kweli muuzaji mmoja alishaniambia habari hiyo ya grainda na nilikuwa naifikiria.

Nijibu maswali ya Mzee, shikamoo. Niko Kigamboni, nakatia barazani, soketi ipo ndani ila umeme wa kwetu hauaminiki mwisho wa wiki, na ndio muda pekee nilio nao. Kazi ya kwanza ni makabati ya jikoni ya plaiwudi ya milimita 18, shiti sita. Ya pili ni kitanda cha ghorofa cha wanangu. Hicho nataka kutumia mbao za mninga nilizoachiwa na marehemu baba, ziko sita, mbili kwa nane, zimekaa stoo Tabora tangu nikiwa sekondari. Na nilisahau, nina drili ya Total ya volti 20 na betri mbili za 2Ah.

Dada Seremala
Mwalimu, hilo la drili ndilo ungeanza nalo! Chaja unayo. Nunua msumeno wa Total wa aina hiyo hiyo ya betri, tupu, halafu ongeza betri moja ya 4Ah. Nenda na betri yako ya zamani dukani, uipachike kwenye mashine mpya kabla hujalipa, maana hata kampuni moja huwa na matoleo tofauti.

Jua Kali Nakuru
Umeme wake hauaminiki, sawa, hapo nakubali betri ina hoja. Lakini mninga wa inchi 2 kwa msumeno wa betri wa bei hiyo? Ataua betri.

Mzee wa Randa
Marahaba mwalimu. Sasa tunaongea.

Plaiwudi kwanza. Diski inayokuja na mashine mara nyingi ni ya meno 24, hiyo ni ya kupasua mbao. Kwenye plaiwudi itang'oa veneer, lile tabaka jembamba la juu, ukingoni. Nunua ya meno 40 au zaidi, yenye ncha za kabaidi. Pima tundu la katikati, lipo la milimita 16 na lipo la 20. Laza upande mzuri wa plaiwudi uangalie chini, kwa sababu msumeno wa duara wa mkononi unakata meno yakipanda juu, na kule yanakotokea ndiko kunakochanika. Shiti ni futi 8, usikate kwa macho. Tafuta ubao ulionyooka au bomba la mraba la aluminiamu, libane kwa klampu mbili, kitako cha mashine kitambae nalo. Ukifanya hivyo hata mashine ya bei ndogo itatoa kazi safi. Ukikata kwa kukisia, hiyo DHS680 haitakusaidia.

Mninga ni habari nyingine. Diski ya 165 inazama kama milimita 55 hadi 57 ikiwa wima. Inchi 2 ni milimita 50, unapita. Ukiiinamisha nyuzi 45 inabaki kama 40, hupiti. Wala usidhani ya 185 itakuokoa, nyingi zinafika 45 au 46 hivi. Kitanda chako kikiwa na maungio ya kukata mshazari utamalizia kwa msumeno wa mkono.

Na ushauri wangu: zile mbao za baba yako usizipasue kwa mashine ya mkononi kabisa. Zipeleke kwenye meza ya msumeno, zipasuliwe na kurandwa kwa saa moja, wewe ukate urefu tu.

Ngosha80
Mzee, kwa heshima zote, nakataa. Ni mbao za baba yake. Mwache azipasue mwenyewe polepole, hata akitumia wiki tatu. Karakana atazikuta zimebadilishwa, atarudishiwa mninga wenye weupe nusu. Mimi yalinikuta.

Mzee wa Randa
Ndiyo maana mtu husimama na mbao zake mpaka zinaisha. Mimi sijawahi kuacha mbao yangu kwa mtu.

Shamba la Miti
Kabla ya yote, mwalimu, hizo mbao utazitoa vipi Tabora? Utahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Bila hati zitabaki kizuizini njiani. Nenda ofisi ya misitu ya wilaya na maelezo ya umiliki wa marehemu. Na mkishazikata vaeni barakoa, vumbi la mninga linawapa baadhi ya watu pumu na vipele.

Mtoto wa Unguja, Muscat
Assalaam alaykum. Kama kuna mtu wa kukubebea, huku Oman mashine zipo na chaja zake zinaingia nyumbani moja kwa moja, volti 240 na plagi ya pini tatu bapa. Usikubali ya kutoka Marekani, chaja yao ni ya volti 120. Binamu yangu aliipachika ukutani Zanzibar ikatoa moshi palepale. Na ndege betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, si la mzigo, tena zisizidi wati-saa 100. Ile ya 5Ah inapita.

Mshoto Mkavu
Naomba kuuliza kitu kidogo. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nimejaribu msumeno wa rafiki, diski iko kushoto mwa mota na mstari siuoni hata kidogo, vumbi lote linanijia usoni. Kuna mwenye uzoefu?

Fundi Saketi
Diski ikiwa kushoto, anayeuona mstari ni wa mkono wa kulia. Wewe tafuta yenye diski kulia, misumeno mingi ya waya iko hivyo. Ukiikosa, jizoeze kutumia ubao wa kuongoza kama alivyosema Mzee, mstari hutauhitaji.

Mwalimu wa Mbao
Wakuu nashukuru sana. Jumamosi naenda na betri yangu mfukoni kama alivyosema Dada Seremala. Nikikuta Total ya betri inaingia, nitaichukua na betri ya 4Ah. Bado moyo unanivuta kwenye wa waya kwa ajili ya mninga, Jua Kali kanitia wasiwasi. Grainda sigusi.

Mzee, uko Dar? Nina kipande kimoja cha zile mbao, futi mbili hivi, nilikuja nacho msibani. Ningependa ukione kabla sijakata kitu.

Mzee wa Randa
Niko Keko. Kilete. Usikirande, nataka kuona kimekauka vipi.

Jua Kali Nakuru
Mwalimu, akishakiona njoo utuambie uzito wake. Huku mninga wa umri huo hatuupati tena, tunabaki na saipresi.

Kijana wa Volti
Hizo betri za Total za 4Ah kuna aliyeziona Mbeya?