Changarawe zinakwama kabla ya kufika mwisho wa shimo, shida nini?

Wakuu habari. Tumepaki changarawe kuzunguka skrini (bomba la kuchuja mchanga) kwenye kisima cha gesi cha mlalo, chini ni shimo wazi halina kesingi, yaani bomba la chuma la kushika kuta. Changarawe saizi ya chekeche 20/40 na maji ya chumvi. Wimbi la kwanza (changarawe inayolala chini ya shimo kuelekea mwisho, kisha wimbi la pili hujaza juu likirudi) lilikuwa linatambaa fresh tu, afu presha ikaanza kupanda mapema kuliko hesabu yetu, tumemaliza kazi huku robo ya changarawe haijaingia, bado iko juu. Bosi anataka safari ijayo tuongeze pampu, mimi roho inasita. Mnaonaje?

Jibu: Marejesho, yaani maji yanayorudi juu, yalikuwaje?

Muulizaji: Tunasukuma mapipa 6 kwa dakika, yanarudi 4 na kitu.

Jibu: Sasa si jibu unalo mkononi mkuu. Maji ya chumvi hayana mnato wa kushika changarawe, inabebwa na kasi tu, maji yakitorokea kwenye mwamba kasi inashuka na kile kilima cha changarawe kinanenepa mpaka kinagusa paa la shimo, basi, mbele hakuna kinachopita tena na wimbi la pili linaanzia hapo kurudi nyuma. Keki ya matope (utando wa tope la kuchimbia unaoziba ukuta wa shimo) ilichubuka mahali, labda wakati mnashusha skrini. Ukiongeza pampu presha ya chini nayo inapanda, ukipasua mwamba ndo utapoteza yote.

Jibu: Cheki na bomba la ndani, lile linalopita ndani ya skrini. Kipenyo chake cha nje kiwe kama 0.8 ya kipenyo cha ndani cha skrini. Likiwa jembamba maji yanaingia kwenye skrini na kujipitia humo kiulaini, huku nje changarawe inalala. Nimeshaona watu wanalaumu matope wiki nzima kumbe bomba. Kama upotevu hauzuiliki, tafuta skrini zenye vibomba vya pembeni, changarawe inakizunguka kizuizi.

Jibu: Mi naogopa hiyo robo iliyobaki tupu. Gesi ikipita pale kwa kasi na mchanga wake inakula skrini kama msasa, kwa hiyo choki (vali ya kudhibiti gesi inayotoka) ifunguliwe taratibu sana. Halafu 20/40 mliichagua vipi? Changarawe ya kati iwe mara 5 hadi 6 ya punje ya kati ya mchanga wenu.

Muulizaji: Punje ya kati mikroni 110 hivi. Bomba la ndani ngoja nikapime, nahisi lilikuwa la kuazima kisima kingine 😅